Mtani Alipochukua Kaango Langu

Mwezi uliopita tulimzika Mwanaidi, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumcheka. Nieleze kidogo, maana siku hizi hata wajukuu zangu wananiuliza kama nina akili timamu. Mwanaidi alikuwa Mzaramo, mimi Mnyamwezi wa hapa hapa Tabora, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wakati babu zetu walipopita kwao na mizigo mabegani wakielekea pwani, wakagombana njiani, wakauguzana, wakazikana, mwisho wakabaki kuchekana. Msiba wa mtani wako si wa kukaa kimya. Unavaa khanga za marehemu, unamwigiza anavyotembea na anavyosema, unachukua kitu ndani ya nyumba na kukataa kukirudisha mpaka wenye msiba wakikomboe, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Basi nikajifunga khanga yake, na magoti yangu haya mabovu, nikapita katikati ya akina mama nikiuliza nani kaona mwiko wangu, nani kaona kawa yangu, kwa sababu alikuwa mtu wa kupoteza vitu huyo, asikwambie mtu. Walicheka mpaka binti yake akacheka. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni, nikatazama ukuta, nikaitambua ile ganzi. Iliwahi kunishika mara moja tu, mwaka niliokaa eda ya mume wangu Hamisi, miaka ile ya Ujamaa, nikiwa sijafika thelathini. Na mwaka ule aliyenitoa humo ni huyo huyo Mwanaidi, tena kwa ubaya wa mapishi yake.

Mimi na Hamisi tulikuwa na hoteli. Tuliiita hoteli kama watu wote walivyoziita, ingawa hakuna aliyelala pale isipokuwa paka. Ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga njia ya stesheni, mabenchi mawili, meza moja yenye kitambaa cha plastiki cha maua, na baraza. Treni ikifika Tabora hugawanyika, huku Kigoma, huku Mwanza, na katikati ya kugawanyika huko watu husubiri, na mtu anayesubiri hutaka chai. Mimi nilipika vitumbua. Niliroweka mchele jioni, nikautwanga, nikauchekecha, nikakoroga na maziwa na iliki na kuuacha uumuke mpaka alfajiri. Hamisi hakujua kupika hata uji. Yeye alikaa mlangoni kwenye kigoda, akiuliza kila apitaye anatoka wapi na ni mtoto wa nani, na kabla mtu hajamaliza kujibu tayari alikuwa amekaa kwenye benchi na kikombe mkononi. Mimi nilikuwa mkono, yeye alikuwa mdomo, na hoteli ikaenda hivyo.

Lakini nisiseme uongo nikaipamba. Hamu ya ile kazi ilinitoka hata kabla Hamisi hajaugua. Sukari ilikuwa ya foleni, na foleni yenyewe ya kusikia fununu kwanza. Mafuta yakionekana leo, kesho hayapo. Redio ikawa inasema juu ya wanyonyaji, na mimi nakoroga unga najiuliza kama mwanamke mwenye mabenchi mawili naye ni mnyonyaji. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwema sana, alikuwa akinywa chai yetu huku akituonya kwa upole kwamba siku za biashara za mtu mmoja mmoja zimekwisha, sasa ni ushirika na vijiji. Hamisi akimwongezea chai. Mimi nikawa napika kama mtu anayefagia uwanja wa jirani: mikono inakwenda, moyo haupo. Kitumbua kikiungua sikujali, kikiiva sikufurahi. Nadhani mtu anaweza kuipoteza kazi yake akiwa bado anaifanya kila siku, na hakuna anayemwona.

Kisha Hamisi akashikwa na homa, na kabla ya Ijumaa ya pili tukamzika. Akina mama walilia, wakanishika mabega, wakaniambia nilie ili nipumue. Nilitaka kuwaridhisha lakini machozi hayakuwepo. Nilikuwa natazama sufuria kubwa ya pilau ya msiba na kufikiri kwamba mtu aliyeipika hakuosha mchele vizuri, na hata wazo hilo lilipita tu bila uzito. Siku ya kuondoa matanga ndipo akaja Mwanaidi. Mumewe alikuwa mtu wa reli, wamehamishiwa Tabora kutoka Dar es Salaam mwaka mmoja kabla, na yeye Mwanaidi alikuwa mteja wetu wa kelele. Aliingia kavaa kanzu ya Hamisi kichwani kama kilemba, akapita jikoni, akatoka amekumbatia kaango langu la vitumbua, lile la chuma lenye vishimo, akatangaza kwamba Mnyamwezi huyu hatarudishiwa kaango mpaka alikomboe kwa kuku mzima, tena jogoo. Watu wakaanza kucheka, wakanigeukia. Hapo ilinipasa nimtukane, nimwambie Wazaramo hawana kazi ila ngoma, nimburute khanga, nitafute walau yai nimpe.

“Chukua,” nilimwambia. “Sina kazi nalo.”

Kicheko kilikatika. Utani una njia zake, na hakuna njia ya mtu kukubali. Mwanaidi alibaki amesimama na lile kaango zito, anatazama huku na huku, kisha akatoka nalo taratibu. Baadaye sana aliniambia kwamba siku ile aliogopa kuliko siku ya mazishi, kwa sababu alikuja kumtania mwenye msiba akakuta wamezikwa wawili.

Kaka yangu Kasimu alikuwa amekuja kutoka Puge, kijiji cha njia ya Nzega. Kasimu ni mtu wa maneno machache na mipango mingi. Alikaa nami siku ile jioni akanieleza yote aliyokwisha kuyapanga: eda ikiisha atakuja na lori, atanipeleka kijijini, kiwanja kipo karibu na chake, shamba la ujamaa lipo, wifi yangu yupo, sitakuwa peke yangu. Mjini mjane atafanya nini, na chai ya nani? Nikasema sawa. Balozi naye akaja, akakaa pembeni kwa adabu, akasema chumba cha mbele ushirika unakitaka kwa duka. Akaongeza, sijui kwa huruma au kwa kutimiza wajibu, kwamba chumba kilichofungwa ndicho kitakachochukuliwa, lakini chumba chenye moto jikoni yeye hana amri ya kuuzima. Eda ikiisha atakuja kuangalia. Nikasema sawa. Ningeambiwa nitahamishiwa mwezini ningesema sawa. Hoteli, mji, jina langu kwa wasafiri, vyote nilivitoa jioni moja kama mtu anayegawa nguo za marehemu.

Basi nikaingia eda, miezi minne na siku kumi, katika chumba cha nyuma. Kitanda cha kamba, godoro la sufi, mkeka, birika la udhu, dirisha moja linalotazama mpapai. Majirani walileta chakula kwa zamu, ugali na mlenda, siku nyingine wali kwa kuku, nami nilikula kwa sababu kililetwa. Nikiulizwa kilikuwa na chumvi, sikujua. Nyumba haikuwa na dari, na kuta za vyumba ziliishia usawa wa kenchi, kwa hiyo mimi nilikuwa siendi kokote lakini kila kitu kilinijia. Sauti za barazani zilipanda zikashukia kitandani kwangu. Nilijua nani kagombana na mkewe na treni gani imechelewa. Niliyasikia yote, na hakuna lililonigusa.

Asubuhi moja nikasikia kufuli la chumba cha mbele likifunguliwa, kuni zikivunjwa, kisha harufu ya mafuta ikapita juu ya ukuta. Mwanaidi akapaza sauti kutoka upande ule, akinitaarifu kwamba kwa kuwa nimekataa kulikomboa kaango, atalifanyisha kazi mpaka lijikomboe lenyewe, na asinisikie nikilalamika. Sikulalamika. Niligeukia ukutani nikalala.

Sasa, Mwanaidi alikuwa na sifa nyingi, Mungu amrehemu, lakini kupika hakukuwamo. Alipika vitumbua kama kwao, kwa nazi, ila nazi ile ilikuwa imekaa kwenye behewa tangu pwani mpaka imechoka. Hakuwa na subira ya kuuacha unga uumuke. Alimimina kabla mafuta hayajapata moto, kisha akiona yanachelewa anasukumia kuni zote, basi nje makaa, ndani uji. Na kila aliyekaa kwenye benchi alimwambia kwa sauti ya kutosha kufika Kigoma: karibu vitumbua vya Zena. Si vyake. Vya Zena, yaani mimi. Nikawasikia wateja. Mmoja aliuliza kama Zena ni mgonjwa. Mwingine, mwanamke aliyekuwa akipitia kwetu kila akienda Mwanza kuuguza mama yake, alitafuna kimya, kisha nikamsikia akisema pole pole, bila ubaya, kwamba bora Hamisi amekufa asije akaviona. Mimi nililala na macho wazi. Kitu kama mwiba kiliingia mahali, lakini mbali sana, kama unapochomwa kwenye mguu uliolala.

Mwanaidi alikuwa akiniletea kimoja kila asubuhi, juu ya sahani ya bati, anakiweka mlangoni na kuondoka. Nilikuwa nakiacha, kuku wanakula. Siku hiyo nilikichukua nikakiuma. Nilikitema kwenye kiganja, nikakitazama. Nazi mbovu, unga mbichi, na chumvi, jamani, chumvi ya nini? Damu ilinipanda usoni. Nilikuwa nimekasirika. Nalikumbuka lile joto mpaka leo, maana lilikuwa la kwanza kulisikia mwilini tangu msiba, nami nikalikalia kama mtu anayeota moto asubuhi ya kipupwe. Upande wa pili nikasikia anamimina, na mafuta hayakulia. Mafuta yakiwa tayari hulia mara moja, chwaa, kisha hutulia. Yale yalinyamaza kama maji.

“Mafuta hayajapata moto,” nilisema.

 Nikasikia kigoda kikisogezwa karibu na ukuta.

“Nani anasema na mimi huko?” Mwanaidi akauliza. “Mimi najua huku kuna maiti ya Kinyamwezi.”

“Ngoja yapate moto, Mzaramo wee. Hiyo si ngoma, huwezi kuingia tu ukacheza.”

Nikasikia mwiko unaanguka chini. Halafu akacheka, akacheka mpaka akakohoa, na watu wa kwenye benchi nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza mafuta.

Toka siku hiyo tukapika kupitia ukutani. Yeye mikono, mimi mdomo, na ni wiki kadhaa baadaye ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha Hamisi. Punguza kuni. Zungushia mafuta pembeni. Usikichokonoe, kitageuka chenyewe kikiiva. Alikuwa akinijibu vibaya kila neno, na hakufuata nusu ya niliyomwambia. Basi nikaanza kuroweka mchele mwenyewe chumbani kwangu, kwenye beseni chini ya kitanda, na alfajiri nikawa nampitishia unga mlangoni ukiwa umeumuka. Eda haikatazi mtu kukoroga unga. Sukari ilipotoweka kabisa mjini, jirani aliniletea asali ya msituni kwenye kibuyu, ya kunipa nguvu, nami sikuinywa. Niliitia kwenye unga. Vya kwanza viliungua, maana asali huwahi rangi kabla ndani hakujaiva. Vya pili vikawa vizito kama mawe. Nikaanza kulala nikiwaza moto: nipunguze unga au nipunguze makaa, nitie asali jioni au alfajiri, maziwa yawe ya leo au ya jana yaliyoanza kuganda. Nilikuwa naamka kabla ya adhana nakwenda kuchungulia beseni, nikiona mapovu madogo yamepanda juu nafurahi peke yangu gizani. Jamani, ilikuwa kazi ile ile. Mchele ule ule, kaango lile lile ambalo miezi michache nyuma nilikuwa nimelichoka hata kulitazama. Sijui hata leo ilirudije. Najua tu kwamba haikurudi kwa mimi kujihimiza. Ilirudi kwa sababu mtu alikuwa anaiharibu, tena kwa jina langu.

Wako wanaosema Mwanaidi alifanya makusudi. Pale msibani kwake mwezi uliopita, mwanamke mmoja msomi alisimama akasema marehemu alikuwa na hekima, alipika vibaya ili amwamshe mwenzake. Nikamwachia aseme. Mimi niliishi naye jirani miaka yote iliyofuata, nikala kwake Idi baada ya Idi, na nasema hakufanya makusudi hata kidogo. Alifungua hoteli kwa sababu aliogopa balozi atakuta chumba kimefungwa. Alipika vibaya kwa sababu hakujua kupika. Na nadhani hilo ni kubwa zaidi: mtu kuchukua kazi asiyoiweza, kusemwa na wateja kila siku mbele ya watu, akaendelea.

Eda ikaisha. Nikaogeshwa, nikavaa nguo mpya, na asubuhi ya pili yake nikafungua ule mlango wa kati nikaingia chumba cha mbele kwa miguu yangu. Mwanaidi alinisogezea kigoda cha jikoni na kuniambia kaango limekwisha kujikomboa, na yule jogoo wake amenisamehe. Nikakaa. Treni ya Kigoma ilikuwa imechelewa na watu walijaa mpaka barazani. Balozi akapita, akasimama mlangoni, akatazama moshi, akaomba chai, akaondoka bila kusema lolote juu ya ushirika. Na nyuma ya nyumba lori la pamba lilikuwa limesimama, linarudi Nzega tupu, na Kasimu na dereva walikuwa wanatoa vitu vyangu chumbani: kitanda, masanduku, godoro. Alikuwa anatimiza tulichokubaliana. Sikuwa nimemwambia hapana. Sikuwa nimejiambia hata mwenyewe. Nilikuwa nageuza vitumbua huku nasikia kitanda changu kinagongwa mlangoni kikitoka, na mikono yangu iliyajua yote mawili, ila kinywa hakikuwa na la kusema. Mwanaidi alinitazama, nami nikatazama kaango. Kasimu akaja akasimama nyuma yangu, akasema vitu vimekwisha kupakiwa, dereva hataki jua limkute njiani.

“Hawa wakimaliza,” nikamwambia.

Akangoja. Ndipo akaingia mzee mmoja wa Kigoma, muuza mawese, mteja wetu wa zamani sana, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa amepita. Yeye na Hamisi walikuwa wakibishana kila safari kuhusu kama samaki wa ziwani ni mtamu kuliko kuku wa Unyamwezi, na hawakuwahi kumaliza. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Nikampa vitumbua vya asali. Alikula kimoja, akakitazama kilichobaki mkononi, akatikisa kichwa. Kisha akageuka kutazama mlangoni.

“Mwenzako yuko wapi leo? Mwite aje aone, mke wake kamshinda.”

 Mwanaidi alinigeukia. Nikaona kwamba miezi yote ile wengine ndio waliosema kwa niaba yangu, kwenye msiba, kwa balozi, kwa wateja. Mimi sikuwahi kulitamka.

“Hamisi amekufa, baba,” nikasema. “Hoteli nimebaki nayo mimi.”

Na nikalia. Nililia kwa sauti, mbele ya wasafiri, mwiko mkononi, kamasi na moshi vikichanganyika, nikilia yote niliyokuwa nimeshindwa kuyalia tangu siku ya mazishi, na bado nilikuwa nageuza, maana vilikuwa motoni na watu walikuwa wanasubiri. Mwanaidi, ambaye kwa haki ya utani alipaswa kunicheka, alichukua birika akaanza kumimina chai kwenye vikombe vya watu. Mzee wa Kigoma alivua kofia. Nilipofuta macho nikatazama nyuma, Kasimu hakuwapo. Nikamsikia uani, anamwambia dereva kwa ile sauti yake ya chini ashike upande wa pili wa godoro, walirudishe ndani.